Tunnelbroker ya Hurricane Electric: handaki la bure la IPv6, linamfaa nani na linakwama wapi

Kabla ya kufungua akaunti ya Tunnelbroker, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako usome anwani ya IPv4, namba ya mtandaoni ya mfumo wa zamani, iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande unaoelekea kwa mtoa huduma. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Namba zikilingana, endelea kusoma, maana hii ni huduma ya bure ambayo kila fundi mtandao anapaswa kuijua. Zisipolingana, na ile ya kwenye ruta inaanza na 10 au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, handaki halitafunguka hapo nyumbani hata ukeshe. Ipo njia ya kuzunguka, nayo imeelezwa chini, ila itakutoa pesa kidogo.

Tumeanza na hilo kwa sababu ndilo linalowapotezea watu muda kuliko yote. Mtu anajaza fomu, anabandika amri alizozikuta mahali, pingi, ujumbe mdogo wa kupima kama upande wa pili unajibu, hairudi, anabadilisha seva mara tatu, na kumbe kosa halikuwa kwenye amri hata moja.

Tunnelbroker.net ni huduma ya Hurricane Electric, kampuni ya mtandao yenye makao Fremont, California, inayojulikana kwa mafundi kwa namba yake AS6939. Kazi yake ni moja: kama mtoa huduma wako anakupa IPv4 tu, wao wanakupa anwani za IPv6, mfumo mpya zaidi, na njia ya kuzifikia. Pakiti yako ya IPv6 inapakiwa ndani ya pakiti ya IPv4, inavuka mtandao wa mtoa huduma asiyeijua IPv6, inapakuliwa kwenye seva yao na kuendelea na safari. Ndivyo gari linavyovuka maji juu ya pantoni: gari halihitaji kujua kuogelea, linahitaji gati pande zote mbili. Hulipi chochote. Akaunti moja inakupa mahandaki hadi 5, na kila handaki lina fungu lake la anwani la /64, pamoja na /48 ukiliomba kwa kubofya mara moja (namba baada ya mkwaju ikiwa ndogo, fungu ni kubwa zaidi).

Kwa nini mtu ahangaike na hili? IPv4 ina biti 32, sawa na anwani 4,294,967,296 na si zaidi. Mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa mashirika ya kanda tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, shirika la Afrika lililoko Mauritius, ndilo lililobaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wenzake, lakini nalo liliingia awamu ya kwanza ya kubana matumizi tarehe 31 Machi 2017, na awamu ya pili Januari 2020. Katika awamu hiyo ya pili, anayeomba hapati zaidi ya /22 kwa ombi moja, yaani anwani 1,024. Mtoa huduma mwenye maelfu ya wateja wa faiba hawezi kumpa kila nyumba anwani yake kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo anawakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kila ruta anaipa anwani ya ndani kutoka fungu la 100.64.0.0/10, lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ukivinjari tu hutagundua. Utagundua siku unapotaka kuifikia kamera ya dukani ukiwa safarini, au kuweka seva nyumbani, au siku tovuti inapokufungia nje kwa kosa la jirani usiyemjua mnayetumia naye anwani moja.

IPv6 ina biti 128. Fungu moja la /64, kiasi cha mtandao mmoja wa nyumbani, lina anwani 18,446,744,073,709,551,616. Fungu la /48 lina mitandao 65,536 ya namna hiyo. Kiwango chake cha kwanza kilitoka Desemba 1995, kikafanyiwa marekebisho 1998 na tena 2017. Tovuti kubwa ziliiwasha moja kwa moja tarehe 6 Juni 2012, na leo zaidi ya asilimia 40 ya wanaofika Google wanakuja kwa IPv6. Aliyeachwa nyuma ni mteja ambaye mtoa huduma wake hajaiwasha, na huyo ndiye Tunnelbroker inayemlenga.

Kujiandikisha na kuchagua seva

Fomu ni ya kawaida: jina, barua pepe, nchi, kisha unathibitisha kupitia barua pepe. Ukishaingia, kwenye menyu ya kushoto chagua handaki la kawaida. Lile la BGP liache, ni la wenye namba zao za mtandao. Ukurasa utakuonyesha anwani unayotumia sasa, unainakili kwenye kisanduku cha mwisho wa handaki upande wako.

Hapo seva yao inaipigia anwani yako pingi. Isipojibu, handaki halitengenezwi. Ruta nyingi za nyumbani zimezimwa zisijibu pingi kutoka nje, kwa hiyo nenda kwenye fayawoli ya ruta, yaani kinga inayochuja yanayopita, uruhusu ICMP, itifaki inayobeba pingi, upande wa WAN. Kuna ruta ambazo kazi hiyo ni kutoa tiki kwenye kisanduku kimoja. Nyingine, hasa zile zinazoletwa na mtoa huduma zikiwa zimefungwa nusu ya mipangilio, hazina kisanduku hicho kabisa. Dawa yake ni kuiweka iwe daraja tu na kuweka ruta yako nyuma yake.

Kuchagua seva kunastahili dakika kumi za subira. Ukurasa hukupendekezea moja, lakini usikubali kabla hujapiga pingi mwenyewe kwenye anwani tatu nne za orodha. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za kebo zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kwa aliye Mombasa au Dar es Salaam, ramani inasema Johannesburg ni karibu kuliko London. Ramani si kebo, hata hivyo. Kuna watoa huduma ambao njia yao ya kwenda Afrika Kusini inapanda kwanza hadi Ulaya ndipo ishuke, na kwa mteja wao London au Frankfurt inashinda. Pingi ndiyo itakayokwambia ukweli. Ipige mchana, kisha ipige saa tatu usiku watu wanapokuwa kwenye video, ulinganishe.

Hapo pia ndipo penye udhaifu wa kwanza wa huduma hii kwa Afrika Mashariki, nao ni mzito. Video na kurasa nyingi unazofungua kwa IPv4 hazitoki mbali: zimehifadhiwa kwenye seva za akiba ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako, au zinapita kwenye vituo vya kubadilishana kama KIXP Nairobi na TIX Dar es Salaam, milisekunde chache tu kutoka ulipo. Ukiwasha handaki, simu yako itapendelea IPv6, na pakiti ya kwenda kwenye video ile ile itasafiri kwanza hadi ilipo seva ya handaki. Handaki linafanya kazi barabara, lakini video inachukua muda kuanza. Hakuna mpangilio wa kuliondoa hilo, maana ndiyo tabia ya handaki lolote.

Ukurasa wa handaki: herufi moja inayowakosesha watu

Handaki likishatengenezwa unapata ukurasa wenye anwani nne muhimu na mafungu mawili. Usome polepole. Juu kuna anwani ya IPv4 ya seva yao na ya kwako. Katikati kuna anwani mbili za IPv6 za handaki lenyewe: inayoishia ::1 ni yao, inayoishia ::2 ni yako. Chini kuna fungu la /64 la kugawa kwenye mtandao wako wa ndani.

Fungu la handaki na fungu la mtandao wa ndani yanafanana kama mapacha. La kwanza linaweza kuwa na 1f0a katika kundi la tatu, la pili likawa na 1f0b, na mengine yote sawa. Wenyewe wamekolezea wino herufi inayotofautiana, lakini jicho lililochoka linairuka. Ukiweka fungu la handaki kwenye mtandao wa ndani, ruta yenyewe itapiga pingi vizuri, ila simu na kompyuta hazitatoka nje. Ukikutana na dalili hiyo, usiguse kitu kingine kabla hujalinganisha herufi hiyo.

Ushauri wetu ni kubofya mara moja kuomba /48 na kusahau ile /64. Mafungu yake hayafanani na la handaki, kwa hiyo kosa hilo halipo tena, na siku utakapotaka mtandao wa wageni au wa kamera unao wa kuupa. Usijaribu kuikata /64 vipande vidogo. Vifaa vinajitungia anwani vyenyewe kwa kutegemea fungu kamili la /64, na simu za Android hazipokei anwani kwa DHCPv6, yaani kugawiwa na seva ya mtandao, kwa njia ya kawaida. Ukiweka /72, kompyuta yako itafanya kazi na simu za nyumba nzima zitabaki bila IPv6.

Kuliweka kwenye ruta

Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, kazi ni nyepesi kuliko kwingine kote. Weka kifurushi cha 6in4, kisha andika hivi kwenye faili la mtandao. Anwani hizi ni za mfano, badilisha kwa zako:

config interface 'henet'
    option proto '6in4'
    option peeraddr 'IPv4_YA_SEVA'
    option ip6addr '2001:db8:1f0a:12::2/64'
    option ip6prefix '2001:db8:abcd::/48'
    option tunnelid 'NAMBA_YA_HANDAKI'
    option username 'JINA_LAKO'
    option password 'UFUNGUO_WA_KUSASISHA'
    option mtu '1480'

Kwenye mtandao wa ndani weka ip6assign iwe 64, kisha iingize henet kwenye kundi la wan la fayawoli. Hatua hiyo ya mwisho watu huisahau: handaki linakuwa nje ya kundi lolote, nalo au linakataa kila kitu au linaachwa wazi, kutegemea ulivyopanga.

Kwenye ruta za MikroTik jina linapotosha. Unatumia menyu ya 6to4, lakini ukijaza anwani ya upande wa pili inakuwa handaki la kawaida:

/interface 6to4 add name=henet local-address=IPv4_YAKO remote-address=IPv4_YA_SEVA mtu=1480
/ipv6 address add address=2001:db8:1f0a:12::2/64 interface=henet advertise=no
/ipv6 address add address=2001:db8:abcd:1::1/64 interface=bridge advertise=yes
/ipv6 route add dst-address=::/0 gateway=2001:db8:1f0a:12::1

Kwa toleo la 6 la RouterOS, programu ya ruta hizo, kifurushi cha ipv6 huja kimezimwa. Kiwashe, uanze upya ruta, ndipo amri hizi zikubalike. Toleo la 7 linacho ndani tayari.

Kompyuta ya Linux iliyo nyuma ya ruta nayo inaweza kubeba handaki, kwa masharti. Handaki hili halitumii TCP wala UDP, itifaki za kawaida zenye poti. Ni itifaki namba 41, nayo haina poti. Kwa hiyo ukurasa wa ruta wa kufungua poti hautakusaidia kitu. Inabidi uiweke kompyuta kwenye DMZ, yaani ruta iipelekee kila kinachoingia kutoka nje, na uombe ruta isiwe miongoni mwa zile zinazotupa itifaki zisizozijua. Kwenye amri ya ip tunnel, anwani ya local iwe ile ya ndani ya kompyuta, mfano 192.168.1.10, isiwe anwani ya nje. Ukiweka ya nje, pakiti hazitatoka.

Anwani yako ya IPv4 ikibadilika, handaki linakufa mpaka uwaambie. OpenWrt inafanya hivyo yenyewe ikiwa umejaza jina na ufunguo. Kwingine, iite https://ipv4.tunnelbroker.net/nic/update?hostname=NAMBA_YA_HANDAKI ukijitambulisha kwa jina lako na ufunguo wa kusasisha, ambao unapatikana kwenye kichupo cha mipangilio ya ziada. Ufunguo huo si nywila ya akaunti. Ukiweka nywila utakataliwa. Na iite pale anwani inapobadilika tu, usiipige kila dakika. Kwenye MikroTik kumbuka kubadilisha na local-address ya handaki, la sivyo seva yao itajua anwani mpya huku ruta yako ikishikilia ya zamani.

Ukurasa unaofunguka nusu

Malalamiko makubwa kuhusu mahandaki yana sura moja: tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaonyesha jina juu ya kivinjari halafu zinaganda hapo. Pingi ni nzuri. DNS, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, ni nzuri. Mtu anailaumu Hurricane Electric, na kosa mara nyingi ni ukubwa wa pakiti.

Hesabu yake ni hii. Pakiti ya kawaida kwenye Ethaneti ni baiti 1,500. Kufunga IPv6 ndani ya IPv4 kunakula baiti 20 za heda, zinabaki 1,480. Kama laini yako ni ya PPPoE, ile ambayo ruta huingia kwa jina na nywila, kipimo chake ni 1,492, zinabaki 1,472. Katika IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti kubwa. Zinaitupa na kumrudishia mtumaji taarifa ya ICMPv6 kwamba imezidi kipimo. Sasa, kuna mahali fayawoli inazuia taarifa hiyo. Salamu za mwanzo ni ndogo, zinapita. Cheti cha usalama cha tovuti ni kikubwa, kinatumwa kwa pakiti zilizojaa, zinatupwa, na mtumaji hajui. Ndiyo maana ukurasa unaganda hapo hapo kila mara.

Kipime badala ya kubahatisha. Kwenye Linux:

ping -6 -M do -s 1432 ANWANI_YA_MBALI

Namba 1,432 ni 1,480 ukitoa baiti 40 za heda ya IPv6 na 8 za ICMPv6. Ikikataa, shuka hadi 1,424, kipimo cha PPPoE. Ikikubali hapo, weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1472 kwenye ruta, halafu weka 1472 hiyo hiyo kwenye kichupo cha mipangilio ya ziada cha tovuti yao, maana pande mbili zisipokubaliana umetibu nusu ya ugonjwa. Juu ya hayo, washa kwenye ruta kubana MSS ya TCP, yaani kiasi cha data ndani ya pakiti moja: 1,420 kwa MTU ya 1480, au 1,412 kwa 1472. Yote yakishindikana, 1280 ndicho kipimo cha chini kabisa ambacho IPv6 inaruhusu, nacho hupita karibu kila mahali, kwa gharama ya kasi kidogo.

Usiwashe handaki kabla ya fayawoli

Watu wamezoea NAT, mbinu ya vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje, iwafiche. Hapa haipo. Mara simu, runinga na printa zinapopata anwani za IPv6, kila moja inafikika kutoka popote duniani kama ruta haijazuia. Kwa hiyo panga fayawoli kwanza, handaki baadaye. Ruhusu yanayotoka ndani. Ruhusu majibu yake. Zuia yanayoanzia nje. Kisha fungua kimoja kimoja unachokitaka, kwa anwani na poti yake.

ICMPv6 usiizuie yote, jambo ambalo mafundi waliolelewa na IPv4 hulifanya kwa nia njema. Aina ya 2 ndiyo ile taarifa ya pakiti iliyozidi, na aina 133 hadi 136 ndizo zinazowezesha vifaa kuiona ruta na kuonana. Ukizizima, mtandao wa ndani utakufa baada ya dakika chache bila kukuambia sababu.

Lingine ni kwamba handaki lenyewe halijafichwa wala halina uthibitisho. Mtoa huduma wako anaona yote yaliyo ndani yake ambayo hayajafichwa na HTTPS au njia nyingine. Si VPN, wala wenyewe hawadai kuwa ni VPN.

Vitu vitakavyokukera

Netflix. Tangu Juni 2016 inayachukulia mahandaki haya kama njia ya kujificha nchi, nayo inakataa kucheza. Usipigane nayo. Tengeneza mtandao wa Wi-Fi wa pili kwa ajili ya runinga, usiupe IPv6 kabisa, basi. Hapa tena /48 inakuwa rahisi kuipanga, kwa kuwa kila mtandao unauamulia peke yake.

Tovuti zinazokisia ulipo zitakosea, kwa sababu anwani ni za kampuni ya Marekani. Utaona bei kwa dola na matangazo yasiyokuhusu, na baadhi zitakutaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu mara nyingi kuliko ulivyozoea. Poti ya 25 huwa imezuiwa kwa akaunti mpya, hivyo anayetaka seva ya barua pepe lazima aombe ifunguliwe. Pia ipo kesi ya zamani kati ya Hurricane Electric na Cogent, kampuni nyingine kubwa, ambazo hazikuafikiana kuunganisha mitandao yao ya IPv6. Mwaka 2009 Hurricane Electric walioka keki yenye maandishi ya kuwaomba Cogent waunganishe. Kwa mteja wa handaki maana yake ni kwamba seva iliyo nyuma ya Cogent peke yake huenda isifikike kwa IPv6 hata kama kila kitu kwako ni sahihi.

Na handaki likikatika usiku, ruta itaendelea kuvitangazia vifaa kwamba IPv6 ipo. Vivinjari vya sasa hujaribu IPv6, visipopata jibu katika kama milisekunde 250 hujaribu IPv4 sambamba, kwa hiyo ukurasa utafunguka na hutajua kuna tatizo. Programu za zamani zitaganda sekunde nyingi. Weka kwenye ruta kazi ndogo inayopiga pingi anwani ya ::1 ya handaki kila dakika moja, ikishindwa mara tano ikomeshe matangazo kwa mtandao wa ndani.

Kwa aliye nyuma ya anwani ya pamoja

Njia ipo. Kodi seva ndogo yenye IPv4 yake ya nje. Kazi hii haihitaji zaidi ya megabaiti 512 za kumbukumbu. Handaki la Hurricane Electric liishie kwenye seva hiyo, kisha fungu la /48 ulilete nyumbani kwa WireGuard, aina ya VPN inayotumia UDP, nayo hupita nyuma ya NAT bila shida mradi uweke kutuma ishara kila sekunde 25. MTU ya WireGuard iache 1420. Kwenye seva washa upitishaji wa IPv6, yaani net.ipv6.conf.all.forwarding iwe 1, na uandike njia ya /48 kuelekea WireGuard. Faida ya ziada ni kwamba WireGuard imefichwa, kwa hiyo kipande cha nyumbani hadi kwenye seva hakisomeki. Tafuta seva iliyo kwenye mji ule ule wa seva ya handaki, usije ukaongeza safari mara mbili. Kabla hujalipa, muulize mwenye seva kama anapitisha itifaki 41. Na kama yeye mwenyewe anatoa IPv6 iliyoelekezwa kwako kwa fungu la /56 au /48, huhitaji handaki hata kidogo, chukua lake.

Kile ambacho wengine hawatoi

SixXS, iliyokuwa mshindani wa kweli, ilifunga tarehe 6 Juni 2017 ikisema ni wakati wa watoa huduma kufanya kazi yao. Tunnelbroker imebaki, na pamoja nayo mtihani wao wa bure wa IPv6, ambao kwetu ni sababu tosha ya kufungua akaunti hata kwa asiye na shida ya handaki. Hauishii kwenye maswali ya kuchagua. Ngazi moja inakutaka uwe na tovuti inayofikika kwa IPv6, inayofuata seva ya barua pepe, kisha DNS ya kurudi nyuma (kutoka anwani hadi jina), kisha seva za majina zenye rekodi za AAAA, zinazotaja anwani ya IPv6 ya jina, hadi rekodi hizo ziwe kwenye msajili wa jina lako. Mfumo wao unakwenda kuangalia wenyewe, na hupandi mpaka kitu kifanye kazi. Ngazi ya juu kabisa wanaiita Sage, na wanaofika huko hutumiwa fulana. Mwanafunzi wa mtandao aliyepita hatua hizo amejifunza kwa mikono yake, na cheti chake kinaonekana mtandaoni kwa mwajiri yeyote. DNS unaipata hapo hapo kwa dns.he.net, bila malipo, hadi majina 50.

Kwa hiyo tunalipendekeza kwa anayejifunza, kwa mtengenezaji wa programu za simu (Apple ilianza tarehe 1 Juni 2016 kudai programu zote zifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee), na kwa ofisi ndogo inayotaka kufikia vifaa vyake bila mazingaombwe ya kufungua poti. Hatulipendekezi kwa nyumba ambayo kazi yake kubwa ni video, wala kwa biashara inayotegemea laini isikatike, maana hii ni huduma ya bure na hakuna mkataba wa muda wa kuwa hewani.

Wakati huo huo mwandikie mtoa huduma wako. Usiulize tu kama ana IPv6. Uliza mambo matatu: je, anagawa fungu kwa DHCPv6-PD, njia ya ruta kupewa fungu zima, ni la ukubwa gani, na linabaki lile lile ruta ikizimwa na kuwashwa? /56 ni jibu zuri kwa nyumba, /48 kwa ofisi, na /64 moja tu ni dalili kwamba hajamaliza kupanga.

Siku atakapoiwasha, usiling'oe handaki ghafla. Vifaa vitabaki na anwani za zamani na kuendelea kuzitumia. Kwanza acha ruta itangaze mafungu yote mawili, la zamani likiwa na muda wa kupendelewa sifuri, ili miunganisho mipya ishike anwani mpya. Subiri angalau saa 2, kwa sababu kanuni za IPv6 haziruhusu tangazo la kawaida la ruta kufupisha uhalali wa anwani chini ya muda huo. Kisha futa njia ya henet, futa handaki kwenye tovuti yao, na uondoe ruhusa ya itifaki 41 kwenye fayawoli.